Kovu la Mguu na Njia ya Walikale

 

Leo ninaye ng'ombe mmoja wa kuwaonyesha. Mmeshamwona wote. Pembe safi, ngozi inang'aa, jicho zima, na bei yake imepungua kuliko ya wenzake waliosimama naye. Unampita, halafu unageuka kumtazama tena. Ndipo unaliona kovu mguuni. Komisioneri, dalali wa soko, naye ameshakuona umegeuka, yuko ubavuni mwako: "Papa, iko mzima kabisa, ilipona kitambo."

Ununue au uache? Swali hili hunifikia kila msimu, na nimechoka kujibu "inategemea", kwa hiyo leo niseme kile kinachotegemewa. Mguu uliowahi kuumia hauna bei mpaka ujue mnyama atatembea kwenda wapi. Ng'ombe huyohuyo, kovu hilohilo, anaweza kuwa bahati kwa mtu wa Mushaki, huku kwetu Masisi, anayetaka maziwa, na hasara tupu kwa mchuuzi anayempeleka Walikale, kule chini msituni. Ukinunua kwa kulitazama kovu peke yake, njia ukaisahau, umenunua nusu ya habari.

Kwetu huku mguu una mambo mengi kuliko kwa wenzetu wa nchi tambarare. Masisi ni vilima. Malisho yetu mengi yako juu ya mita 2,000, na ng'ombe anakula akiwa amesimama upandeupande, miguu miwili juu, miwili chini. Anaposhuka kwenda kunywa, uzito unahamia mbele. Hata penye tambarare ng'ombe hubeba zaidi ya nusu ya mwili wake kwa miguu ya mbele. Kwenye mteremko mzigo huo unazidi. Ankole wetu wa zamani alizoea, kwato zake ngumu, mwili wake mwepesi. Frizoni na wale wa damu ya Uswisi, walioletwa kwa ajili ya maziwa, ni wazito, na kosa dogo la mguu linawasumbua mapema.

Kisha kuna hayo makovu yenyewe. Mahali pengine ng'ombe anaumia kwa shimo au kwa waya. Kwetu kuna panga na risasi. Tangu vita ya 1993, iliyoanzia soko la Ntoto upande wa Walikale, ikaja na ile ya 1996, ng'ombe wa Masisi wameibwa, wamechinjwa usiku porini, wamekatwa miguu ili mwenyewe aumie moyo. Wafugaji waliokuwa na fermu nzima walibaki na fimbo. Waliorudi wameanza upya, mmojammoja, na anayeanza upya hununua kile mfuko unachoruhusu. Ndiyo maana ng'ombe wenye kovu wana wateja, na mimi simcheki anayewanunua.

Ila panga na panga si sawa. Panga lililopasua ngozi na nyama ya paja linapona; linabaki alama mbaya, mnyama anatembea. Panga lililokata ule ukano mnene nyuma ya mguu, juu ya kifundo, halijapona hata kama ngozi imefunga. Ukano ukiunga, unaunga kwa nyama ya kovu, isiyovutika kama ya kwanza, na mara nyingi kisigino kinashuka mnyama anaposimama. Shika kwa vidole nyuma ya mguu mzima, halafu shika nyuma ya ule wenye kovu. Kama upande mmoja unakuta kamba iliyokaza na upande wa pili unakuta donge au pengo, muuzaji asikupotezee muda.

Risasi ina tabia yake. Mfupa uliovunjika vipande unaweza kuacha kipande kilichokufa ndani, na kovu linakuwa la kufunga na kufungua: miezi miwili kavu, kisha linatoa usaha, linafunga tena. Siku ya soko utalikuta limefunga. Tafuta mahali ambapo manyoya hayajaota na ngozi imeshikamana na mfupa, haisogei ukiisukuma kwa kidole gumba. Hapo kuna kitu ndani. Mnyama wa namna hiyo ataishi, pengine atazaa, lakini hatanenepa vizuri, na dawa utanunua kila mwaka.

Sasa tumkague. Usikubali kumtazama akiwa amesimama kwenye kundi, ameegemea wenzake. Mwambie mchungaji amtoe, amtembeze kwenye udongo mgumu, kwenda na kurudi, wewe ukiwa nyuma, kisha ubavuni. Ng'ombe mzima anapotembea, mguu wa nyuma hukanyaga karibu palepale ulipotoka mguu wa mbele. Penye vumbi au tope laini utaona nyayo mbili zimelaliana. Anayeumwa nyuma anafupisha hatua, na unyayo wa nyuma unabaki umbali fulani. Anayeumwa mbele utamjua kwa kichwa: kinapanda pale mguu mbovu unapogusa chini, kinashuka pale mzima unapopokea uzito. Mgongo nao husema. Akitembea amejikunja kama upinde, na akisimama bado amejikunja, maumivu si ya zamani. Ni ya leo.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakifanyi, na mimi nakiona cha thamani kuliko vyote: mngoje alale, kisha umwamshe. Ng'ombe huinuka nyuma kwanza, akiwa bado amepiga magoti mbele, halafu ndipo anasimamisha miguu ya mbele. Farasi hufanya kinyume, anatanguliza ya mbele. Sasa ukimwona ng'ombe anainuka kifarasi, anakaa kitako kama mbwa kisha anajisukuma, jua magoti yake au mabega yake hayataki kubeba. Hilo komisioneri hawezi kulificha kwa maneno.

Anachoweza kukificha ni maumivu. Kuna sindano za kutuliza zinazouzwa madukani kwetu bila kuulizwa swali, na mnyama aliyechomwa alfajiri, ikifika saa nne anatembea kama bwana harusi. Tena mguu wenye ugumu wa maungio hulainika ukishatembezwa, na ng'ombe aliyekuja sokoni kwa saa tatu amekwisha kulainika kabla hujamwona. Kwa hiyo, ikiwezekana, umfuate zizini asubuhi mapema, wakati anatoka kulala. Kama haiwezekani, lipa sehemu ya fedha, ngoja siku mbili mbele ya shahidi, mwangalie tena. Muuzaji anayekataa siku mbili amekupa jibu. Na kama ni jike mwenye mimba kubwa, uliza sindano aliyochomwa ni ya dawa gani, kwa sababu baadhi ya dawa kali za uvimbe hutoa mimba.

Simama nyuma yake kabisa, utazame mapaja yote mawili. Mguu usiotumika unakonda juu. Nyama ya paja inapungua, na hairudi kwa wiki wala kwa mwezi. Akikwambia "aliumia juzi tu, kajikwaa", na paja limeingia ndani, huyo anachechemea tangu zamani. Akikwambia "alipona mwaka jana" na mapaja yote mawili yamejaa sawasawa, mwamini. Tazama na kwato. Ule mguu anaouonea huruma hausuguliwi na ardhi, kwato zake hurefuka na kupinda mbele. Ule mzima, unaobeba kazi ya miwili, kwato zake hupanuka na kukwisha.

Na hapa niwaombe mnisikilize, maana macho ya mnunuzi hukimbilia mguu wenye kovu yakasahau ule mwingine. Kule Marekani kulikuwa na farasi wa mashindano aliyeitwa Barbaro. Mwezi wa tano 2006 alishinda mbio kubwa za Kentucky, na wiki mbili baadaye alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mbele ya umati. Matajiri wake hawakubana fedha. Alipasuliwa, akafungwa vyuma, akatunzwa na madaktari miezi mingi, na ule mfupa ulikuwa unaelekea kupona. Kilichomshinda ni miguu mingine. Kwato za miguu iliyobaki ziliharibika kwa ndani kwa kubeba uzito usio wake, na tarehe 29 Januari 2007 wakamuua ili asiteseke. Farasi ana kwato moja kila mguu na moyo mwepesi, ng'ombe ana mbili na uvumilivu mwingi, kwa hiyo wetu huchukua muda mrefu zaidi. Lakini hesabu ya mzigo ni ileile. Mguu unaokupasa kuukagua kwa bidii ni ule ulio jirani na wenye kovu.

Kuna uvimbe mmoja nataka kuutenga na makovu yote, kwa sababu hauna uhusiano na kujikwaa. Utakuta ng'ombe jike, mtu mzima, ana uvimbe laini mbele ya goti, mkubwa kama embe, wakati mwingine magoti yote mawili. Haumwi sana. Muuzaji atakwambia alianguka kwenye mawe. Inawezekana. Ila uvimbe huo, katika ng'ombe wa Afrika, ni moja ya alama zinazojulikana za brusela iliyokaa muda mrefu, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Uliza amezaa mara ngapi na ametupa mara ngapi. Usimuulize mwenye mali aliyekuja na pikipiki kutoka Goma; mtafute mchungaji, yule anayekunywa maziwa yake, yeye ndiye aliyezika ndama. Ugonjwa huo unahamia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kupitia mikono inayovuta kondo la nyuma, ukamtia mtu homa za kurudirudi na maumivu ya viungo yasiyoeleweka zahanati. Sisi ni watu wa maziwa na jibini. Tangu enzi za watawa wa Mokoto, jibini ya Masisi imesafiri mpaka Kinshasa. Ng'ombe wa goti laini, kama huna daktari wa mifugo wa kumpima damu, simwingizi zizini kwangu hata akishushwa nusu bei.

Haya. Tumemkagua, kovu ni la panga la ngozi, ukano mzima, paja limejaa, anainuka kama ng'ombe. Anachechemea kidogo tu akishuka kilima. Sasa anakwenda wapi?

Akienda mashariki, Sake mpaka Goma, njia si ndefu lakini ni mbaya kwa kwato. Kutoka Sake unaingia nchi ya lava. Kati ya 1938 na 1940 volkano ya Nyamulagira ilimwaga moto mpaka ukaingia Ziwa Kivu karibu na Sake, na mawe yale meusi bado yanakata kama chupa. Ng'ombe anayekanyaga kwa kuhofia mguu mmoja anakanyaga vibaya kwa mingine, na soli ya kwato ikichanika hapo hafiki kichinjioni kwa miguu. Wengi huwapandisha lori. Sawa, lakini ndani ya lori la ng'ombe waliosongamana, anayechechemea ndiye anayeanguka kwanza, na aliyeanguka hukanyagwa. Mpakie mwisho, nyuma kabisa, mahali utakapoweza kumwona.

Akienda magharibi, hapo ndipo penye maneno. Walikale ni kubwa kuliko Masisi karibu mara tano, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na karibu yote ni msitu. Ng'ombe kule hafugwi kwa wingi. Walikale-kati iko chini ya mita 1,000, kuna joto, na misitu ya bonde la Kongo ina mbung'o. Ng'ombe wa mlimani anaposhuka kule, safari yake ni ya kwenda kuliwa. Wateja wapo, wenye fedha, kwa sababu ya machimbo. Machimbo ya Bisie yalipovuma baada ya 2002, kasiterite, mawe ya bati, ilibebwa mgongoni mwa watu kilomita zaidi ya 40 hadi Njingala, kisha ikapakiwa ndege zilizotua kwenye kipande cha lami pale Kilambo, ikaruka mpaka Goma. Nyama ya wachimbaji ilifika kwa miguu yake yenyewe. Leo kule Bisie kuna kampuni, kuna mashine na barabara yake, lakini kwa mchuuzi wa kawaida wa Nyabiondo mambo hayajabadilika sana: ng'ombe atashuka Kashebere, atashika njia ya Kibua, zaidi ya kilomita 100 mpaka Walikale-kati, na malori yenyewe msimu wa mvua hulala kwenye tope siku nyingi.

Tope ndilo adui. Lava inakata, mnaiona. Tope linalainisha kwato, linatafuna ngozi laini kati ya kwato mbili, na vijidudu vinavyoozesha mguu vinaingia hapo. Mzima hupata kidonda akaendelea. Mwenye kovu, ambaye alikuwa anaegemea mguu wa pili, anapata kidonda kwenye huohuo wa pili, na sasa hana pa kuegemea. Siku ya tatu ya safari anabaki nyuma. Siku ya nne analala njiani. Wachungaji wawili wanabaki naye, kundi linapunguza mwendo, na kila siku ya kuchelewa ni chakula cha watu, ni usiku mwingine porini, ni bariera moja zaidi ya kulipia. Kwenye bariera hawahesabu miguu mizima, wanahesabu vichwa. Mnyama aliyechinjwa kwa lazima njiani huuzwa kwa bei wanayotaka wanakijiji, na wanajua kwamba huna pa kupeleka nyama.

Ongeza na hili la wakati wetu. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika Masisi-kati, na mwezi wa tatu vikafika Walikale-kati yenyewe, mahali ambapo watu wengi walidhani ni mbali mno. Njia iliyokuwa wazi wiki iliyopita inaweza kufungwa leo, na mchuuzi akalazimika kuzunguka au kurudi mbiombio. Ng'ombe mzima anarudi; anayechechemea anabaki njiani. Kwa hiyo kwa safari ya Walikale msimamo wangu ni mkali: mwenye kuchechemea, hata kidogo, usimnunue kwa bei yoyote ile. Ile dola mia au hamsini uliyopunguziwa Nyabiondo itadaiwa kabla ya Kibua.

Mchinjaji wa hapohapo sokoni ana hesabu nyingine kabisa. Anayemchinja kesho asubuhi Masisi-kati hajali atatembeaje. Anachotakiwa kujua ni kama kuna usaha ndani na kama amechomwa dawa wiki hii, maana nyama ya mnyama aliyetoka kuchomwa haifai kuliwa mpaka siku za dawa zipite. Akishajua hayo, anunue, apate faida yake. Sina neno.

Na anayetaka kufuga? Jike mwenye kovu lililopona kweli, mwenye malisho karibu na maji, mahali pasipo mteremko mkali, anaweza kukuzalia ndama watatu, wanne, bila shida. Mpunguzie kilima. Mlaze pakavu. Mkate kwato mara mbili kwa mwaka. Umwangalie hasa miezi ya mwisho ya mimba, uzito unapozidi, na siku anapopandwa, kwa sababu dume zito likimlalia mgongoni, mguu wa nyuma ulio dhaifu ndio unaopokea. Tafuta dume dogo. Kwa mama mwenye ng'ombe mmoja, anayeuza maziwa asubuhi ili watoto waende shule, mnyama huyu wa bei nafuu anaweza kuwa mlango aliokuwa anautafuta, na nimewaona kina mama wakiwatunza ng'ombe hao vizuri kuliko matajiri wanavyotunza Frizoni wao.

Ila nikisema hivyo nazungumza juu ya jike. Kwa dume la mbegu, mambo yanageuka. Dume hufanya kazi akiwa amesimama kwa miguu miwili ya nyuma. Kovu mguu wa mbele, nakusikiliza, tujadiliane bei. Kovu kwenye goti la nyuma au kwenye kifundo, hata kama anatembea vizuri mbele yako, mwombe muuzaji akuonyeshe anavyompanda jike. Kama hakuna jike wa kumjaribia, mwache aende naye, hata akikuitia bei akiwa ameshafika njiani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, kupe na ndigana. Leteni maswali kwa mchungaji yeyote anayepita hapa, au mpige simu saa ya kipindi.